Msimamizi anasema mada yako haituhusu? Nenda nayo forodhani

Ujumbe uliingia juzi usiku: "Shikamoo dada. Niko mwaka wa kwanza wa uzamili, historia. Nimechagua kuandika jinsi marais wa Marekani walivyojitanua ng'ambo mwanzoni mwa karne ya ishirini. Msimamizi anasema mada ni pana na haituhusu. Nibadilishe? Halafu Wilson nimweke au nimwache? Maana vitabu vinasema alikuwa mtu wa amani."

Marahaba, mdogo wangu. Usibadilishe. Ningekujibu hivyo tu nikalala, ila umenigusa penye kidonda, na najua wapo wengi humu wanaohangaika na mapendekezo ya utafiti kama wewe.

Mimi nimepita hapohapo. Siku ya kutetea pendekezo langu, mzee mmoja kwenye jopo, mwenye jina kubwa (simtaji, wala chuo sikitaji), aliyafunga makaratasi yangu kabla sijamaliza utangulizi. Akauliza, "Binti, kwani huyu Roosevelt ni babu yako?" Ukumbi mzima ukacheka. Nikamwambia si babu yangu, ila Aprili 1909, wiki chache baada ya kukabidhi urais wa Marekani, alishuka Mombasa na bunduki zake, akapanda reli ya Uganda akiwa amekaa kwenye benchi lililofungwa mbele ya kichwa cha treni ili wanyama asiwakose, na mizigo yake ikabebwa na wapagazi wa huku kwetu. Mtu ametoka kuitawala Ufilipino na Puerto Rico, anakuja kuwinda kwetu kwa ukarimu wa Mwingereza, halafu niambiwe hanihusu? Hapo hawakucheka. Walinipitisha, kwa masharti ukurasa mzima, na yule mzee hakuwahi tena kuitikia salamu yangu hadi namaliza. Nimesamehe, lakini sijasahau.

Mwezi uliopita sura ya nne ya tasnifu hiyohiyo ndiyo iliyonipatia mwaliko wa kutoa mhadhara mbele ya wanahistoria waliobobea. Ndiyo, najisifu. Nani mwingine atanisifu?

Sasa sikiliza nilivyofanya. Kila mwanafunzi anayeigusa mada hii anaanza na vibandiko: Roosevelt fimbo kubwa (vitisho vya kijeshi), Taft diplomasia ya dola (mikopo na mitaji), Wilson diplomasia ya maadili (kuunga mkono serikali alizoziona za haki). Vinapangika vizuri kwenye mtihani, na vinakuziba macho. Mimi nilichukua kaunta buku nikachora safu tatu. Ya kwanza, rais alisema nini. Ya pili, alisaini nini. Ya tatu, nani anakusanya ushuru wa forodha baada ya hapo. Safu ya tatu ndiyo iliyoniandikia tasnifu. Nchi ndogo za Karibi za wakati ule ziliishi kwa ushuru wa bandarini. Aliyeshika forodha alishika mishahara, askari na deni la taifa. Bendera ya mwenye nchi ingeweza kuendelea kupepea mlingotini bila kumsumbua mtu.

McKinley, rais aliyemtangulia Roosevelt, nampitia haraka, vita vyake na Hispania vya 1898 vipo kwenye kila kitabu. Usiache tu kuusoma mkataba wa Paris wa Desemba mwaka huo. Marekani iliilipa Hispania dola milioni 20 kwa ajili ya Ufilipino, ilhali Wafilipino walikuwa wameshatangaza uhuru wao tangu Juni, na mezani hawakuwapo. Februari 1899 wakaanza kupigana na mnunuzi. Kuba nayo, ambayo Bunge la Marekani liliahidi halitaimeza, mwaka 1901 ililazimishwa kuandika ndani ya katiba yake kwamba Marekani inaruhusiwa kuingilia kati. Guantánamo ikafuata mwaka 1903.

Panama, ambayo hadi hapo ilikuwa sehemu ya Kolombia, ndipo nilipokaa sana, na wewe ukae. Januari 1903 Marekani na Kolombia zilisaini mkataba wa mfereji: dola milioni 10 taslimu, dola 250,000 kwa mwaka, ukanda wa kilomita 10, miaka 100. Agosti, Seneti ya Kolombia ikaukataa. Novemba 2 manowari ya Marekani, Nashville, ikatia nanga Colón, bandari ya Panama. Kesho yake Panama ikajitangaza huru. Askari wa Kolombia walikuwa wameshafika Colón, lakini wakuu wa reli, ambayo ilikuwa mikononi mwa Wamarekani, waliwapandisha majenerali peke yao kwenye treni kwenda Jiji la Panama, na askari wakaachwa kwenye kituo bila usafiri. Majenerali walipofika walikamatwa. Novemba 6 Washington ikaitambua nchi mpya.

Mwakilishi wa hiyo nchi mpya alikuwa Mfaransa! Philippe Bunau-Varilla, mhandisi mwenye maslahi kwenye kampuni ya Kifaransa iliyokuwa inauza haki zake za mfereji kwa dola milioni 40. Wapanama wenyewe walikuwa njiani kwenda Washington kujadiliana. Jioni ya Novemba 18 yeye na John Hay, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, wakasaini nyumbani kwa Hay. Ujumbe wa Panama uliposhuka kwenye treni usiku huo, Bunau-Varilla alikuwa anawasubiri stesheni kuwapa habari kwamba kazi imekwisha. Ukiweka mikataba hiyo miwili mezani, pesa ni zilezile, milioni 10 na 250,000. Ila kilomita 10 zimekuwa maili 10, na miaka 100 imekuwa milele. Nilipoviona hivyo vifungu viwili sambamba, saa za usiku, nilipiga makofi peke yangu chumbani kama mwendawazimu. Hakuna kitabu cha kiada kilichokuwa kimenionyesha. Nilivikuta kwa sababu nilisoma mkataba wenyewe, na ndiyo maana nakuambia: soma mkataba wenyewe.

Kutoka hapo nikaenda Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, na hapo ndipo forodha inapojitokeza waziwazi. Desemba 1902 manowari za Uingereza, Ujerumani na Italia zilizifunga bandari za Venezuela kudai madeni. Roosevelt akapata hoja: tusipozisimamia hizi nchi sisi, Wazungu watakuja kujilipa wenyewe. Desemba 1904 akalitangazia Bunge kwamba Marekani inaweza kulazimika kuwa polisi wa kimataifa katika eneo hilo. Mwaka 1905, Jamhuri ya Dominika ikiwa imezama kwenye deni, Mmarekani akawekwa kusimamia forodha zake zote. Kila dola 100 za ushuru, 55 zinatengwa kwa ajili ya wadai, 45 zinarudi kwa serikali ya nchi. Seneti ya Marekani ilikataa kuidhinisha, na Roosevelt hakusubiri, akaendesha mpango kwa amri yake hadi mkataba ulipopita mwaka 1907. Makubaliano ya kuzirudisha forodha hizo kwa wenyewe yalisainiwa mwaka 1940.

Mwambie msimamizi wako hivi: mtu wa Pangani hahitaji kufundishwa hiyo hadithi. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ya Wajerumani utawala na forodha za pwani, na kufikia Agosti watu walikuwa wameshainuka. Abushiri bin Salim, kiongozi wao, alinyongwa Desemba mwaka uliofuata. Kama somo la nani anakusanya ushuru bandarini halituhusu sisi watu wa pwani, basi linamhusu nani? Mimi nililiweka hilo kwenye aya ya kwanza ya uhalali wa utafiti, na hakuna aliyeniuliza tena habari za babu.

Taft usimdharau kwa kuwa hana mbwembwe. Kabla ya urais alikuwa gavana wa Ufilipino, makao yake Manila, kwa hiyo alijua kutawala watu wa mbali kunakuwaje. Mwaka 1911 Nikaragua ilipata msimamizi wa forodha Mmarekani. Agosti 1912 wanamaji wa Marekani wakashuka, wakawemo nchini humo hadi 1933, ukiacha mapumziko mafupi miaka ya ishirini. Na Desemba ya mwaka huohuo wa 1912 Taft analihutubia Bunge kwamba sera yake ni kuweka dola mahali pa risasi. Zisome tarehe hizo mbili pamoja. Ndiyo maana nasema hotuba ni safu ya kwanza tu. Soma alichosaini.

Hapa naomba niwaseme kidogo nyie wadogo zangu wote, si mwandishi wa ujumbe peke yake. Mnapenda mno muhtasari. Mnapakua kurasa tatu za maelezo ya mtu mwingine, mnazitafuna, mnazitema kwenye tasnifu, halafu mnalalamika kwamba jopo linawaonea. Jopo linaweza kukuonea, mimi lilinionea. Lakini siku hiyo nilikuwa na kifungu, tarehe na kiasi cha fedha mkononi, na mtu akicheka nilikuwa na cha kumjibu. Huwezi kutaka kuitwa mwanahistoria huku unaogopa nyaraka. Mkataba wa Panama wa 1903 hauna hata kurasa nyingi. Soma mkataba.

Sasa Wilson, aliyempokea Taft urais. Mweke, tena mpe nafasi kuliko unavyofikiri. Oktoba 1913, akiwa Mobile, Alabama, alitamka kwamba Marekani haitatafuta tena hata futi moja ya ardhi kwa kuteka. Iandike hiyo safu ya kwanza. Kisha safu ya tatu: Aprili 1914 askari wake walishuka Veracruz, Mexico, na moja ya majengo ya mwanzo kukamatwa ni la forodha. Desemba 1914 wanamaji walichukua dhahabu ya dola 500,000 kwenye benki ya taifa ya Haiti, wakaipakia kwenye meli ya Machias hadi New York. Julai 1915 wakarudi Haiti wenyewe, wakashika forodha, na hawakuondoka hadi 1934. Mwaka 1916 waliitwaa Jamhuri ya Dominika yote, wakaitawala kijeshi hadi 1924. Machi 1917 akapokea visiwa vya Karibi vilivyokuwa vya Denmark, vilivyonunuliwa kwa dola milioni 25. Hivyo alinunua, hakuteka, na mtetezi wake atakuambia ahadi ya Mobile haikuvunjwa. Jibu hoja hiyo kwenye tasnifu yako, usiikwepe, kwa sababu mtu wa jopo ataileta.

Kuhusu upana, msimamizi wako yuko sahihi nusu. Kata mada: 1898 hadi 1917, na forodha tatu tu, Santo Domingo, Veracruz na Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Panama iwe sura ya usuli. China na Hawaii waachie wengine. Ukimaliza kuandika upya nitumie ukurasa wa kwanza peke yake, maana kusoma mapendekezo mazima siwezi, nina mitihani ya kusahihisha.