Barua kwa mwanangu aliyeko Novi Sad: nani alimpa Arkan bunduki?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma, nikaona ni heri nikujibu kwa barua kuliko kukutumia sauti fupifupi kwenye simu. Unasema mwenzako wa bwenini ametundika ukutani picha ya Željko Ražnatović, yule Arkan aliyeongoza wanamgambo wa Kiserbia katika vita vya kuvunjika kwa Yugoslavia miaka ya 1990, na ulipomwuliza akakujibu kwamba alikuwa mtoto wa mtaani aliyeingia vitani kuwalinda Waserbia wenzake, na yote mabaya yanayosemwa juu yake ni vita vilivyomharibu. Sasa unataka mama yako, mwalimu wa historia mstaafu, akuambie kama ni kweli vita ndivyo vilivyomfanya vile.

Si kweli. Alikuwa tayari kabla risasi ya kwanza haijalia, na waliomweka tayari walikuwa na ofisi na mishahara ya serikali.

Alizaliwa 1952 huko Brežice, Slovenia, baba yake akiwa afisa wa jeshi la anga la Yugoslavia. Huyo si mtoto aliyekosa chakula. Alianza uporaji akiwa kijana mdogo, na miaka ya 1970 akahamia Ulaya Magharibi kuiba benki. Akafungwa Ubelgiji, akatoroka 1979. Akafungwa Uholanzi, akatoroka 1981. Ujerumani akatoroka mwaka huohuo, na Uswisi 1983. Kisha akarudi Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia, akiwa anatafutwa na Interpol, akaishi mjini kwa raha bila kuguswa. Hapo ndipo nataka usimame kidogo, mwanangu. Katika nchi ya chama kimoja, yenye usalama wa taifa unaojua hadi nani amemtembelea nani, jambazi wa kimataifa haishi hivyo bila mtu mkubwa kumkingia kifua.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 akapewa nafasi ya kuwaongoza mashabiki wa Red Star, timu ya mpira ya Belgrade. Wewe umekulia nyumba ya Yanga, unajua shabiki anavyoweza kushinda njaa timu ikifungwa. Sasa wafikirie vijana maelfu wa namna hiyo, wengi hawana kazi, wamezoea kumfuata kiongozi mmoja jukwaani na kupigana anaposema wapigane. Tito, mtawala wa Yugoslavia, alikwisha kufa tangu 1980, jamhuri zilizoiunda nchi hiyo, zikiwamo Serbia, Kroatia na Bosnia, zinavutana, na nyimbo za uwanjani zimeacha mpira zinataja makabila. Tarehe 11 Oktoba 1990 Arkan akaanzisha Kikosi cha Kujitolea cha Serbia, waliokuja kujulikana kama Simbamarara, na wafuasi wake wa kwanza wengi walitoka kwenye majukwaa hayo. Zingatia tarehe. Kroatia ilitangaza uhuru Juni 1991. Kikosi kilitangulia vita kwa miezi.

Jambo moja mwenzako anayo haki nalo, na usimnyime. Waserbia walioishi Kroatia, kama asilimia 12 ya watu wake, walikuwa na hofu ya kweli. Katika Vita vya Pili vya Dunia utawala wa Ustaše, wafashisti wa Kikroatia, uliwaua ndugu zao kwa makumi ya maelfu pale kambi ya Jasenovac, pamoja na Wayahudi na Waroma. Bibi aliyeyaona hayo 1942 alikuwa bado hai 1990, anawasimulia wajukuu. Kwa hiyo Kroatia ilipojitenga na Yugoslavia, wao wakataka kujitenga na Kroatia, na wengi walishika silaha wakiamini wanaokoa watoto wao. Mimi siwezi kuwacheka watu hao wala kuwahukumu kwa mkupuo. Ninachosema ni kwamba Arkan aliikuta hofu hiyo na kuifanyia biashara.

Mto Danube unaouona hapo Novi Sad, ukiufuata kwenda juu utafika Vukovar, kisha Erdut, yote miwili upande wa Kroatia; hapo Erdut ndipo Arkan alipoweka kambi yake 1991. Alipewa kituo cha mafunzo, silaha na mafuta. Aprili 1992 watu wake wakaingia Bijeljina, kaskazini mashariki mwa Bosnia. Mahakama ya The Hague, ile ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu uhalifu wa vita vya Yugoslavia, ilikuja kuthibitisha kwamba wanamgambo wa Kiserbia waliua raia wasiopungua 48 pale, wengi wao Waislamu. Mpiga picha Mmarekani, Ron Haviv, alikuwapo kwa ruhusa ya Arkan mwenyewe, kwa sababu awali alimpiga picha amemshika mtoto wa simbamarara na bwana akaipenda. Ndiye aliyepiga ile picha ya mpiganaji mwenye sigara mkononi akimpiga teke mwanamke aliyelala chini kwenye kijia. Mwonyeshe mwenzako picha hiyo kando ya ile aliyotundika. Siku chache baadaye Biljana Plavšić, kiongozi mwandamizi wa Waserbia wa Bosnia, akafika Bijeljina akambusu Arkan hadharani.

Watu wanauliza alikuwa mkatili kiasi gani. Mimi nimekuwa nikijiuliza zaidi kwa nini dola lenye jeshi kubwa lilimhitaji mwizi. Jeshi lina amri zilizoandikwa na sahihi chini yake. Jambazi hana karatasi. Akichinja kijiji, mkuu wa nchi anasema simjui huyo, ni mhuni tu. Jibu lilichukua miaka, na lina mkono wa nyumbani kwetu. Kile chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi kazi ya mahakama iliyokaa hapa Arusha na ile ya Yugoslavia, hicho chenye tawi pale Lakilaki, mwaka 2023 kilihitimisha kule The Hague kesi ya Jovica Stanišić, aliyekuwa mkuu wa usalama wa taifa wa Serbia, na mwenzake Franko Simatović: miaka 15 kila mmoja, kwa kushiriki mpango wa kuwafukuza wasio Waserbia kwa mauaji na mateso. Katika kesi hiyo ulitolewa ushahidi kwamba wapiganaji wa Arkan walilipwa posho na idara hiyo.

Na utajiri, je? Baada ya Umoja wa Mataifa kuiwekea Belgrade vikwazo 1992, mafuta na sigara vikapita kwa magendo. Januari 1994 mfumuko wa bei wa mwezi mmoja ulivuka asilimia milioni 300. Pensheni ya mwalimu kama mimi haikununua mkate. Ndio wakati huo kijana wa Belgrade alipomwona Arkan ana magari, walinzi na ubunge. Februari 1995 akamwoa mwimbaji Ceca mbele ya kamera za televisheni, amevaa sare ya afisa wa Vita vya Kwanza. Septemba mwaka huohuo watu wake wakawa Sanski Most, Bosnia, na ni kwa mauaji ya huko alishtakiwa.

Lakini hesabu ninayotaka umpelekee mwenzako ni hii. Umesema wazazi wake walitoka Knin, mji wa Waserbia ndani ya Kroatia. Agosti 1995 jeshi la Kroatia liliteka Knin, na Waserbia zaidi ya 150,000 wakakimbia na matrekta. Walinzi wao walikuwa wapi? Januari 1998 hata Erdut ilirudishwa Kroatia, kwa amani, chini ya Umoja wa Mataifa. Msimu huohuo timu ya mpira ya Arkan, Obilić, ikatwaa ubingwa wa Yugoslavia. Waliolindwa walipoteza nyumba, mlinzi akapata kombe.

Hati ya mahakama ya The Hague ya kumshtaki Arkan ilitolewa kwa siri 1997, ikatangazwa Machi 1999 na Louise Arbour, yuleyule aliyekuwa mwendesha mashtaka wa mahakama ya Rwanda hapa Arusha. Arkan hakukifikia kizimba. Tarehe 15 Januari 2000 alipigwa risasi kwenye ukumbi wa hoteli ya InterContinental, Belgrade, na aliyempiga alikuwa askari polisi. Milorad Ulemek, aliyekuwa kamanda chini yake, alihamia kikosi maalumu cha usalama, na 2003 akapanga mauaji ya waziri mkuu Zoran Đinđić, Mserbia mwenzao.

Usimbandulie mwenzako picha yake, na usibishane naye mbele za watu. Mwulize tu babu yake alipotoka Knin alichukua nini, na nani alimsaidia njiani. Msikilize mpaka amalize, kisha niandikie alichosema. Baba yako anakusalimu, anauliza kama koti la baridi limekutosha.

Mama yako