Jibu: Tableti kwa kila mwanafunzi, wazazi tukubali?

Dada, umeuliza kama wazazi wa shule yenu hapo Ahero wakubali kuchangia tableti kwa kila mwanafunzi. Mimi ni mwalimu wa msingi hapa Kisumu, na kwa maoni yangu, msikubali bado.

Faida zipo, sikatai. Mtoto anayeona haya kusoma mbele ya wenzake huvaa visikilizi akarudia ukurasa uleule mpaka ulimi ulainike. Mwenye macho dhaifu hukuza maandishi.

Lakini kumbuka mpango wa serikali. Mwaka 2013 tuliahidiwa vipakatalishi vya darasa la kwanza. Kuanzia 2016 zikaja tableti, nyingine zikiundwa na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Zetu zilifika zikiwa nzima. Baadaye betri zikachoka, vioo vikapasuka, na pesa ya fundi haikuwepo. Sasa ziko kabatini.

Kwa hiyo iulizeni bodi: nani atagharamia matengenezo? Stima ikipotea siku mbili, itakuwaje? Na mtoto wa mama mboga akiiangusha, atalipishwa? Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana nimeona watoto wakirudishwa nyumbani kwa deni dogo kuliko hilo.

Pendekezeni seti moja ya kutumiwa kwa zamu, ibaki na kuchajiwa shuleni, watoto wawili kwa kila tableti. Wawili hubishana kuhusu jibu, na mabishano hayo huwafunza sana. Pesa itakayobaki inunue vitabu vya hadithi.