Mtihani wa leseni wakati wa mlipuko: anza na madirisha

Dada yangu wa Kigoma, pole kwa jukumu hilo. Nimekuelewa: watahiniwa 60 wa leseni ya uuguzi, ukumbi mmoja, Korona imeenea, na kuahirisha hamtaki kwa kuwa wodi zinawasubiri.

Mwaka 2020 nilisimamia mtihani hapa Tabora. Tulihangaika na ndoo za kunawia mlangoni, madirisha tukayasahau. Usirudie kosa hilo. Virusi vile husafiri hewani, na watu wakikaa saa tatu chumba kimefungwa, wanavuta pumzi za wenzao. Fungua madirisha ya pande zote mbili, upepo wa ziwa upite. Karatasi zikipeperuka, wape vijiwe vya kuzikandamizia. Ukipata vyumba viwili ni bora kuliko zamu mbili, maana zamu zinataka mitihani tofauti, la sivyo maswali yatavuja. Barakoa wavae wote, na ukaguzi wa sura na kitambulisho ufanyikie nje.

Wape saa tofauti za kufika, foleni isisongamane. Wanaotoka Kasulu na Kibondo wasilazwe kumi chumba kimoja.

Mwenye homa au kikohozi asiingie. Lakini aahidiwe mapema kwamba atafanya baadaye bila kulipa tena, vinginevyo atameza dawa ya kushusha homa na kuficha. Liombe baraza la uuguzi, linalotoa leseni, ahadi hiyo kwa maandishi, tafadhali. Anayehema kwa shida apelekwe hospitali papo hapo.

Mpango wote mwoneshe mganga mkuu wa manispaa kabla ya kutangaza tarehe.