Kwa mnaoanza kutazama anga: usiku wa roketi isiyoruka

Kila safari ya mwezini inapotangazwa, kikundi chetu cha watazama anga hupata sura mpya. Wanakuja na hamu kubwa, wengine wameshanunua darubini kabla hata ya kuuliza, na swali lao la kwanza huwa ni tarehe ya roketi kurushwa. Tarehe ikisogezwa mara mbili tatu, karibu nusu yao hatuwaoni tena. Linaniuma jambo hilo, kwa sababu mimi mwenyewe kazi hii nimeijifunza zaidi katika siku za kungoja. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi mlioingia karibuni, msikate tamaa mapema, na msije mkatupa fedha kwenye kifaa kisichofaa.

Nianze na Artemis I, safari ya majaribio ya NASA, shirika la anga la Marekani, kuzunguka mwezi bila watu. Agosti 29, 2022 tulikusanyika mbele ya skrini kuitazama SLS, roketi yenye urefu wa mita 98, ikiwa jukwaa namba 39B pale Kennedy Space Center, Florida. Injini zake nne za chini lazima zipozwe kwanza kwa haidrojeni ya kimiminika, ambayo ubaridi wake ni nyuzi 253 chini ya sifuri. Injini yenye joto ikimwagiwa ubaridi wa namna hiyo ghafla inaweza kuharibika. Sasa, kihisio cha injini namba 3 kikaonyesha kwamba haijapoa vya kutosha. Saa ya kuhesabu ikasimamishwa, tukangoja, na mwisho wakatangaza kuahirisha. Siku chache baadaye wahandisi wakaeleza kwamba injini ilikuwa imepoa sawasawa. Kilichokosea ni kihisio.

Kijana mmoja aliyejiunga wiki ile alikasirika kweli. "Kumbe injini ilikuwa nzima! Si wangerusha tu?" Nikamwambia, mdogo wangu, asubuhi ile hawakuwa na namna ya kulijua hilo kwa uhakika, na ukiwa na injini nne na kipimo kimoja kinachokataa, unasimama kwanza. Unauliza: ni kitu chenyewe kibovu, au ni kipimo? Swali hilo ndilo ninalotamani kila mgeni alishike tangu usiku wake wa kwanza, maana darubini yako itakudanganya kwa namna hiyo hiyo.

Utaielekeza kwenye Zohali, utaona kidoa kinachotetemeka kama kitu kilicho chini ya maji, na utaamua kwamba umeuziwa kifaa kibovu. Subiri kidogo. Darubini imetoka ndani ya nyumba muda gani uliopita? Kioo chenye joto la chumbani kinachemsha hewa iliyo ndani ya bomba, na kioo cha milimita 150 au 200 kinahitaji nusu saa hadi saa nzima kupoa. Umeiweka wapi? Zege na lami zilizoota jua mchana kutwa huendelea kupumua joto hadi usiku sana. Majani ni bora zaidi. Nyota unayoitazama iko juu, au iko karibu na upeo wa macho ambako mwanga wake unapita katika hewa nene? Gusa lenzi ya mbele kwa pembeni, je, ina umande? Ukishajibu hayo yote na picha bado ni mbovu, basi tuanze kuishuku darubini. Katika miaka yangu yote, darubini mbovu kweli nimekutana nazo chache sana. Zisizopoa ni nyingi mno.

Wageni huuliza pia kwa nini roketi iliyoahirishwa leo isirushwe kesho asubuhi. Sababu ni mwezi wenyewe. Mwezi husogea kama nyuzi 13 angani kila siku, na roketi hailengwi pale ulipo sasa bali pale utakapokuwa siku kadhaa zijazo. Kwa Artemis I kulikuwa na masharti mengine: Orion, chombo kilichobebwa na roketi hiyo, kinategemea paneli za jua, hivyo hakikutakiwa kukaa kivulini zaidi ya dakika 90 mfululizo, na kilitakiwa kutua baharini wakati wa mchana. Ukiweka masharti hayo pamoja, zinabaki siku fulani tu zinazofaa katika mwezi, na katika siku hizo ni saa moja au mbili tu. Muda huo ndio unaoitwa dirisha, na dirisha likifungwa, limefungwa.

Nawe utaishi kwa madirisha. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Kitu unachotaka kukiona kitakuwa juu kwa majuma kadhaa, kisha kitamezwa na mwanga wa jua. Mawingu nayo yana ratiba yao. Ndiyo sababu nasisitiza kila kitu kiandaliwe kabla ya giza, si gizani.

Sasa vifaa, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoumia. Usianze na darubini ya bomba. Anza na darubini ya macho mawili, ile iliyoandikwa 10x50 au 7x50. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa 10x50 utaona miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, Kilimia itajaza jicho lako nyota, na wingu lililo chini ya mkanda wa Jabari, lile kundi la nyota, litaonekana kama pumzi kwenye kioo. Ukiegemea ukuta, au ukilala chali kwenye mkeka, mikono itatulia na utaona mara mbili ya ulivyoona ukiwa umesimama.

Ukifika wakati wa kununua ya bomba, tazama upana wake kwanza. Lile sanduku lenye picha za rangi na maneno "mara 525" liache hapo hapo lilipo. Hesabu yake ni hii: bomba lenye urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi ya mbele hadi mwanga unapokutana) wa milimita 700, ukigawa kwa lenzi ya jicho ya milimita 4, unapata 175, weka mbele yake lenzi ya Barlow, ile ya kuongeza ukuzaji, ya mara 3, unapata 525. Hesabu ni sahihi, ila upana wa darubini hiyo ni milimita 70 tu, na kwa kawaida ukuzaji wenye maana hauzidi mara mbili ya upana kwa milimita. Yaani 140, tena usiku hewa ikiwa imetulia. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Mimi hutumia lenzi ya jicho ya milimita 25, inayokuza kidogo, kwa sehemu kubwa ya usiku.

Kwa fedha ile ile, darubini inayokusanya mwanga kwa kioo cha kuakisi badala ya lenzi, yenye kitako cha mbao kinachozunguka, aina aliyoieneza mtazama anga wa Marekani John Dobson, itakupa upana mkubwa kuliko yoyote yenye miguu mitatu myembamba. Miguu inayotikisika huua darubini nzuri. Igonge kidogo kwa kidole dukani. Ikiendelea kutetemeka zaidi ya sekunde mbili au tatu, iache.

Na jambo hili nalisema kwa uzito wote: usielekeze darubini yoyote kwenye jua bila kichujio maalumu kinachofunika mdomo wa mbele wote. Darubini nyingine huuzwa na kijichujio cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Kitoe, kivunje, kitupe. Mwanga uliokusanywa hukipasua kwa joto, na jicho liko nyuma yake.

Nirudi kwenye roketi. Septemba 3, 2022 walijaribu tena. Safari hii haidrojeni ilivuja pale bomba la sentimita 20 linapoungana na roketi. Molekuli ya haidrojeni ni ndogo kuliko zote, hupenya pasipopenya kitu kingine, na ubaridi ule hufanya vyuma na mihuri ya kuzibia maungio vinywee. Walijaribu mara tatu kuukalisha muhuri vizuri, ikiwamo kuuacha upate joto kidogo kisha kuupoza tena. Haikukubali. Wakaahirisha.

Wengi walizima simu zao wakaenda zao. Lakini siku ile mwezi ulikuwa umefika robo ya kwanza, nusu kamili, na wachache tulibaki hadi jioni. Yule kijana naye alibaki. Alikuwa na darubini yake mpya, na kwa muda wa saa nzima hakuweza kuupata mwezi ndani yake, mwezi unaoonekana na kila mtu! Kidarubini kidogo cha kulengea kilikuwa kinatazama upande mmoja na bomba upande mwingine. Alikuwa hajakilinganisha. Kazi hiyo hufanywa mchana: chagua mlingoti ulio mbali, uweke katikati ya darubini kubwa, kisha kaza skurubu za kile kidogo mpaka nacho kiuonyeshe katikati. Dakika kumi. Tulimsaidia kwa kutumia mwezi wenyewe, tukianza na lenzi ya milimita 25.

Aliponyamaza nikajua ameuona. Tulikuwa tumemwelekeza kwenye mpaka wa mwanga na kiza, kwenye milima ya Apennini, ambayo vilele vyake vinafika karibu kilomita 5. Hapo jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Vilele vilikuwa vyeupe, na vivuli vyake vyeusi vimelala kwenye uwanda wa Bahari ya Mvua upande wa magharibi wa mwezi. Ndani ya kiza kulikuwa na nukta za mwanga peke yake, vilele vilivyolifikia jua kabla ya mabonde yao. Safari ya wanaanga ya Apollo 15 ilitua karibu na milima hiyo Julai 1971. Akauliza kama ataona chombo kilichoachwa. Hapana. Darubini ya milimita 200, hewa ikiwa tulivu, inakuonyesha vitu vya mwezini vyenye upana wa kilomita moja au mbili. Kipande kilichobaki kule hakizidi mita 10. Nilimpa penseli na daftari nikamwomba achore alichokiona, hata kama hajui kuchora. Jicho linalochora huona zaidi, na tarehe na saa zikiwa pembeni ya mchoro utakuja kushukuru.

Halafu kikaja kimbunga Ian, roketi ikarudishwa ndani ya jengo mwishoni mwa Septemba. Novemba kikapita kingine, Nicole, roketi ikiwa jukwaani. Hatimaye Novemba 16 dirisha lilifunguka saa 7:04 usiku kwa saa za Florida. Mapema usiku ule vali ilikuwa imevuja, na watu watatu walitumwa hadi chini ya roketi iliyojaa mafuta kwenda kukaza nati. Iliruka saa 7:47, dakika 43 baada ya dirisha kufunguka.

Mwezi siku hiyo ulikuwa nusu tena, lakini robo ya mwisho. Kijana hakuhitaji kuambiwa. Darubini yake ilikuwa imeshapoa, kidarubini cha kulengea kimelinganishwa tangu mchana uliotangulia, na alikwenda moja kwa moja kwenye Apennini. Alinionyesha daftari baadaye: ukurasa wa kushoto mchoro wa Septemba 3, wa kulia ule mpya. Kwenye mpya jua lilikuwa linatua upande wa pili, ile miteremko mikali inayotazama Bahari ya Mvua imewaka nyeupe, na vivuli vimegeukia mashariki. Chini yake alikuwa ameandika saa, lenzi aliyotumia, na maneno "hewa imetulia".