Mikunga wa Kikuletwa: pima juu na chini ya bwawa

Mdogo wangu wa Moshi, nimekuelewa: wazee wanasema mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, wamepungua mto Kikuletwa, nawe unashuku bwawa la Nyumba ya Mungu, ambamo mto huo huingia. Shaka yako ina msingi. Mkunga huzaliwa baharini, hukulia mtoni, kisha hurudi Bahari ya Hindi kutaga. Ukuta humzuia kwenda na kurudi.

Weka mitego ya aina moja juu ya bwawa, maji yanakoingia, na chini yake, yanakotokea, saa zilezile, masika na kiangazi. Mimi nilipima upande mmoja tu, msimu mzima ukaenda bure! Ukiona tofauti, usiharakishe kulaumu ukuta. Umwagiliaji nao hunywa mto.

Kwanza muone afisa uvuvi wa wilaya kuhusu kibali. Na mamba wapo, usiingie majini peke yako.