Kabla ya kumpa mtu mzima mtihani wa ufahamu wa Kiingereza, mpe mama wa chai kwanza

Wiki jana mwalimu mmoja wa Kayole aliniandikia inboksi. Anafundisha Kiingereza watu wazima jioni, wengi Wakongomani na Warundi, wachache ni Wakenya wa hapa hapa walioacha shule mapema. Shida yake ni kwamba darasa linapita mtihani wa ufahamu vizuri sana, watu wanabeba 16, 17 juu ya 20, halafu mmoja wao akapewa notisi na mwenye nyumba, akakaa nayo mfukoni mpaka siku keteka (msimamizi wa nyumba) alikuja na kufuli. Na alikuwa ameisoma! Alimsomea mwalimu kwa sauti, neno kwa neno, bila kukwama mahali. Sasa mwalimu anauliza, "Mwenzangu, mimi napima nini hasa?"

Dada yangu (kama ni dada, picha yako ya profaili ni maua), hilo swali ndilo lilinitoa kazini.

Nilikuwa nafundisha kwenye chuo kimoja cha kibinafsi hapa tao, sitakitaja, wenye kujua wanajua. Kulikuwa na karatasi ya ufahamu ya kumaliza levo ya pili. Niliikuta pale, fotokopi ya fotokopi mpaka herufi zimeanza kuota ndevu. Kifungu kimoja kuhusu malaria, maswali 20 ya kuchagua, A mpaka D. Kila muhula watu wanapita, wanapigwa picha na cheti, picha inaenda Facebook, wengine wanaona wanakuja kujiandikisha, biashara inasonga na hakuna mtu wa kuuliza kitu.

Sasa kulikuwa na jamaa mmoja Msomali, mfanyabiashara wa Eastleigh, alimaliza mbele ya kila mtu na akapata 18. Nilimwona kwa macho yangu hajafungua ule ukurasa wa kifungu. Nikasema huyu ameiba. Nikamwita pembeni nikamuuliza, akacheka, akaniambia, "Mwalimu, malaria? Mimi nimeugua malaria kuliko wewe."

Hapo ndipo nikachukua yale maswali peke yake, bila kifungu, nikampelekea mama anayetuuzia chai pale chini kwa ngazi. Kiingereza chake ni cha kuskia skia. Nikamtafsiria maswali moja moja akiwa anamimina chai na kurudishia watu chenji. Malaria inaletwa na nini? Mbu. Mbu wanazaana wapi? Kwa maji yaliyotuama. Nani wako kwa hatari zaidi? Watoto wadogo na mama wajawazito. Akapata 14. Hebu fikiria, ukijaza maswali 20 ya A mpaka D ukiwa umefunga macho, bahati peke yake inakupa kama 5. Mama amepata 14 na kifungu hajakiona, na alama ya kupita pale chuoni ilikuwa 10.

Hiyo ndio siri ya mitihani mingi ya ufahamu tunayowapa watu wazima, na ukishaiona huwezi tena kuacha kuiona. Mtoto wa darasa la nne ukimpa kifungu kuhusu benki, hajui benki, itabidi asome. Mtu wa miaka arobaini ana maisha kichwani. Ameuguza mgonjwa, amekopa, ameshtakiwa, amezika, amevuka mpaka. Ukimuuliza kitu anachokijua tayari atakujibu kwa maisha yake na wewe utaweka tiki ukidhani ni Kiingereza. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, na ukweli ni kwamba huu mmoja ukiushika yale mengine yote ni maji tu: kabla mtihani wako haujafika darasani, ondoa kifungu, chukua maswali, mpe mtu wa nje. Soja wa geti, shemeji yako, yeyote. Swali ambalo atalipata bila kusoma, futa. Usilihurumie hata kama uliliandika usiku kucha.

Kuna ugonjwa wa pili, na huu ndio ulimpata yule wa notisi. Soma hii:

Mkolobe alibungua shendo mbili kule Viratoni kwa sababu manyeke yake yalikuwa yametwisha.

Nani alibungua shendo? Alibungua shendo ngapi? Alibungulia wapi? Kwa nini?

Si umejibu yote? Nne juu ya nne, hongera. Sasa niambie Mkolobe amefanya nini. Hujui, hata mimi sijui, nimeyatunga hayo maneno nikiwa kwa matatu. Lakini maswali yetu mengi ya "nani, wapi, lini, ngapi" ni hivi hivi tu, mwanafunzi anatafuta neno la swali ndani ya kifungu, akilipata anaangalia jirani yake, ananakili. Anaweza kufanya hivyo mwaka mzima bila kuelewa sentensi hata moja, na kwa vile watu wazima ni wajanja (wameishi Nairobi, lazima) wanajifunza huo mchezo haraka kuliko wanavyojifunza Kiingereza. Dawa yake ni swali lisitumie maneno ya kifungu. Kifungu kikisema kodi ilipwe kabla ya tarehe 5, usiulize kodi ilipwe kabla ya tarehe ngapi. Uliza, Amina amelipa tarehe 8, je, mwenye nyumba ana haki ya kumwongezea faini?

Basi nikatengeneza mtihani mpya. Nilichukua mkataba wa nyumba, wa kawaida wa vyumba vya kukodi, nikatoa majina, nikaufupisha ukakaa ukurasa mmoja. Swali ninalolipenda mpaka leo lilikuwa hili: umelipa dipoziti 12,000, wakati wa kuhama kupaka rangi kumegharimu 4,500, utarudishiwa pesa ngapi? Nusu ya darasa waliandika sifuri. Unajua kwa nini, juu hii ni Nairobi na dipoziti hairudi! Lakini mkataba ulikuwa unasema wazi mwenye nyumba atakata gharama ya rangi tu na kurudisha iliyobaki, yaani 7,500. Hapo ndio nikaona utamu. Tafuta mahali ambapo maisha yanasema kitu kimoja na karatasi inasema kingine, weka swali hapo hapo. Aliyesoma atafuata karatasi.

Na nikafanya kitu cha pili ambacho kiliwachoma walimu wenzangu, niliwaruhusu wajibu kwa Kiswahili. Msomali wa levo ya chini ambaye Kiswahili pia kinamlemea, nikamwacha ajibu kwa Kisomali na nikatafuta mtu wa kunisomea. Wakasema huo sio mtihani wa Kiingereza. Kifungu ni Kiingereza, jamani! Mtu akishindwa kuandika jibu kwa Kiingereza utajuaje kama hakuelewa au ameelewa na hana maneno ya kusema? Kuandika kuna mtihani wake, upime siku yake. Kulikuwa na mama mmoja wa Bukavu, fundi cherehani, kwa zile karatasi za Kiingereza alikuwa anaandika neno moja moja na kila mtu pale anajua "huyu ni mdhaifu". Siku hiyo akaandika kwa Kiswahili chake cha Kongo ukurasa mzima, na chini akaongeza kwamba mkataba unasema notisi ni mwezi mmoja kwa mpangaji lakini kwa mwenye nyumba haujasema kitu, hiyo ni sawa kweli? Mimi mwenyewe niliyeuandika ule mtihani sikuwa nimeliona hilo. Sai ana kibanda chake Kawangware, amepanga kwa mkataba, na kabla ya kutia sahihi aliwafanya wabadilishe kifungu kimoja. Kwa hilo najivunia na sitaomba mtu msamaha.

Matokeo ya darasa zima sasa. Chini ya nusu walipita. Dairekta akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia wateja hawalipi pesa ili wafeli. Nikamweleza habari ya mama wa chai, akaniuliza kama nimekuwa nikipeleka mitihani ya chuo nje ya chuo. Muhula uliofuata ratiba ilitoka bila jina langu, ile ya malaria ikarudi. Sina kinyongo. Sawa, ninacho kidogo. Sio cha dairekta hata, yule alikuwa analinda mkate wake. Ni cha wale walimu ambao chai tukinywa walikuwa wanakubaliana na mimi, na siku ya mkutano kila mtu akawa anaangalia simu. Tukipatana Kencom tunasalimiana vizuri tu.

Kuna watu wataniambia hii maneno ni ya wakimbizi na mama mboga, wao wanaandaa wauguzi wa kwenda ng'ambo. Ni ile ile. Mnakumbuka mwaka wa 2021 Mutahi Kagwe, akiwa waziri wa afya, alisema kati ya wauguzi 300 wa kwanza wa kwenda Uingereza ni 10 tu walipita mtihani wa Kiingereza? Mtandao ulicheka wiki nzima, watu wanaojaza faili za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku wamefelije Kiingereza. Mimi sikucheka. Karatasi ya kusoma ya IELTS, mmoja wa ile mitihani ya Kiingereza ya kimataifa, ni maswali 40 kwa dakika 60, vifungu vitatu virefu ukifanya ile ya Academic (ya wasomi na wataalamu), na ukiandika kwa karatasi hupewi muda wa ziada wa kuhamisha majibu. Baraza la wauguzi la kule, NMC, kama umechagua IELTS linataka alama 7 juu ya 9 kwa kusoma, ambayo ni karibu majibu 30 sahihi kati ya yale 40. Huongei na mtu hapo, hakuna mgonjwa wa kumwangalia usoni.

Halafu kuna yale maswali ya Kweli, Si kweli, Haijasemwa. Ndio yanawaua, na yanawaua kwa sababu ile ile ya mama wa chai, ila imegeuzwa. Kifungu kinasema kaunti fulani iligawa neti za mbu kwa kila boma. Swali linasema wagonjwa wa malaria walipungua. Nesi ameona neti zikipunguza wagonjwa kwa macho yake, anaweka Kweli bila kufikiria mara mbili. Jibu ni Haijasemwa. Amekosa kwa kujua sana. Kwa hivyo ukiwa unawaandaa hawa, kila jibu waonyeshe kidole kwa mstari ulioko kwa kifungu, na asiye na mstari wa kuonyesha jibu lake ni Haijasemwa hata kama anabishana mpaka jioni. Na watabishana, manesi wanajua kubishana.

Kuhusu kuchagua vifungu sitasema mengi. Watafiti wawili, Hu na Nation, walipima mwaka wa 2000 wakaona msomaji anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno ya hadithi ndio aielewe bila msaada. Kwa ukurasa wa maneno 300 hiyo ni maneno 6 asiyoyajua, basi. Waambie wapige mstari chini ya maneno mageni siku kadhaa kabla, kwa kifungu cha ugumu kama huo. Wakipiga mistari 20, huo wako ni mtihani wa msamiati, uite hivyo. Pia ile ya kujaza mapengo tuliyoizoea kwa KCPE inafaa hapa. Wilson Taylor, Mmarekani aliyeileta mwaka wa 1953, aliitengeneza kupima ugumu wa maandishi, sisi ndio tukaigeuza tukaanza kupimia watu. Toa kila neno la saba, wape, na wakishindwa kujaza mengi kifungu kimewazidi, tafuta kingine.

Walimu wenzangu wa jioni, nawaomba kitu kimoja. Yule mtu amekaa Gikomba tangu alfajiri akiuza nguo, amepanda matatu mbili, amekulipa pesa ambayo ingekuwa unga. Usimuuzie alama. Akipata 7 juu ya 20 mwambie ni 7 na umwonyeshe ni sentensi gani zilimpoteza, atakasirika leo, kesho kutwa atarudi na daftari. Na wewe unayesoma hii ukiwa na chuo chako na picha za vyeti kwa Facebook, siku moja mpe mhitimu wako notisi ya KPLC ya kukatwa stima umuulize lini na mtaa gani na afanye nini kama ana friji ya samaki. Hiyo picha ndio upost.

Na karatasi zako mpya usiwaachie waende nazo nyumbani, hata kwa ajili ya masahihisho. Kusanya, hesabu, na kila muhula badilisha tarehe, pesa na majina, juu saa hiyo unafunga darasa yale majibu ya muhula uliopita yako WhatsApp na kuna mtu ameyatafsiri kwa Kisomali na Kifaransa, na kwa kusema kweli zile tafsiri zilikuwa safi kuliko mtihani wenyewe.