Jibu: Mama atolewe jiwe la figo kwa tundu dogo, homa itokee wapi?

Dada wa Tukuyu, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mama yako mwenye kisukari anaweza kupata maambukizi wakati kidonda chenyewe ni tundu dogo tu mgongoni. Anaweza, dada. Hatari kubwa haiko kwenye kidonda, iko kwenye jiwe. Bakteria hujificha humo, na jiwe likivunjwa wanatawanyika. Maji ya kusafishia yakiingia kwa presha kubwa huwasukuma hadi kwenye damu.

Kisukari kinaongeza hatari. Kadhalika jiwe kubwa lenye matawi, figo iliyovimba kwa sababu mkojo umeziba, na upasuaji uliochukua muda mrefu. Wanawake nao hupata zaidi kuliko wanaume.

Ila mimi ningeanzia kwenye mkojo. Ulizeni kama umeoteshwa, yaani umewekwa maabara kuona kama bakteria wataota, na majibu yametoka; kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo peke yake hakitoshi. Bakteria wakionekana, atibiwe kwanza, hata kama tarehe itasogezwa na nauli mmeshalipa.

Shemeji yangu hapa Iringa alitolewa jiwe mwezi wa Julai. Usiku akatetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Tukamwongezea blanketi tukidhani ni baridi yetu hii, kumbe joto limefika nyuzi 39. Tafadhali nunueni kipimajoto. Akifika 38, akitetemeka, akihema haraka au akianza kuongea yasiyoeleweka, mwiteni muuguzi hapo hapo. Kama mmesharudi nyumbani, mpelekeni hospitali usiku huo huo, msingoje basi la asubuhi.